Kadi za besiboli zenye sahihi: njia nne za kujenga mkusanyiko wa pili, na ipi ikufae

Ukikusanya kadi za besiboli kwa miaka kadhaa, kuna siku utagundua albamu zimejaa na mikono haina kazi. Mimi nakusanya seti za kampuni ya Topps za mwaka mmoja mmoja, kadi safi zisizo na maandishi yoyote ya kalamu. Seti za 1978, 1979 na 1980 zina kadi 726 kila moja, na katika zote tatu nilibakiza kadi tatu tu: Eddie Murray wa 1978, Ozzie Smith wa 1979 na Rickey Henderson wa 1980. Zote ni kadi za mwaka wao wa kwanza, na kila moja inataka fedha ya kuwekewa akiba kwa miezi. Katika miezi hiyo hakuna cha kutafuta, cha kupanga wala cha kungoja. Ndipo nilipoanzisha mkusanyiko wa pili, wa kadi zilizosainiwa na mchezaji mwenyewe.

Naishi Columbus, Ohio, na wenzangu wanaotaka kuanza nao huniuliza kwanza bei. Mimi huwarudishia swali: mkusanyiko wako wa kwanza unakula nini? Kama unakula fedha, wa pili ule muda. Kama wa kwanza umekuchosha kwa kusaka masanduku ya kadi za senti kila Jumamosi, basi wa pili ule fedha kidogo na usikusumbue. Mikusanyiko miwili ikichota kwenye chungu kimoja, mmoja utakufa njaa, na mara nyingi hufa huu wa pili. Nimezitumia njia zote nne za kupata kadi yenye sahihi, yaani posta, uwanjani, pakiti za kiwandani na kununua iliyokwisha kuthibitishwa, na nazilinganisha hapa kwa kipimo hicho hicho.

Posta

Unachukua kadi ya mchezaji, mara nyingi ya bei ya senti tu. Unaandika barua fupi kwa mkono wako. Unaweka bahasha ya pili iliyokunjwa, yenye anwani yako na stempu yake, ili yeye asigharimike chochote. Unatuma kupitia klabu yake. Gharama yote ni stempu mbili, bahasha mbili na uvumilivu wako.

Uvumilivu huo ndio bei yenyewe. Jibu linaweza kuja baada ya wiki mbili, baada ya miezi minane, baada ya miaka, au lisije kabisa. Kwa wachezaji wanaocheza bado, msimu mzuri wa kutuma ni Februari na Machi, timu zinapokuwa kwenye kambi za mazoezi: timu 15 Arizona na 15 Florida. Huko asubuhi zina nafasi, na mchezaji anaweza kukaa mbele ya kabati lake na rundo la barua. Barua ya Julai inamkuta akisafiri mji hadi mji, na yako inalala ndani ya sanduku pamoja na mamia mengine.

Barua yenyewe iwe ya sentensi tano au sita. Usimmwagie sifa. Mtajie jambo moja alilofanya ambalo wewe unalikumbuka, mwombe sahihi, mshukuru. Niliwahi kumwandikia mrushaji mmoja wa zamani, mtu ambaye hakuwa staa, nikamweleza kuwa nilijifunza mchezo huu ukubwani na kwamba takwimu za nyuma ya kadi yake ndizo nilizojifunzia kuzisoma safu moja baada ya nyingine. Kadi ilirudi baada ya wiki kumi na moja. Siku hiyo nilifungua sanduku la barua, na katikati ya bili na matangazo ya maduka nikaona mwandiko wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo ishara: ukiona bahasha yenye mwandiko wako, ujue mtu amejibu. Sahihi ilikuwa ya buluu, imepanda kidogo kuelekea kulia, na chini yake aliandika jina langu na neno la shukrani. Kadi ile dukani haifiki hata dola moja. Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa albamu.

Kuhusu jina, hapa watu hugawanyika. Kadi iliyoandikwa "kwa fulani" hupungua bei ukitaka kuiuza, kwa hiyo wauzaji hawaitaki. Mimi naomba jina langu liandikwe kila mara. Mkusanyiko wa pili siujengi ili niuuze, na kadi yenye jina langu inaonyesha wazi kwamba haikununuliwa mnadani. Ukiwa na nia ya kuuza siku moja, usiombe jina.

Kadi unayotuma nayo ichague kwa macho ya kalamu. Kadi za zamani za karatasi isiyong'aa sana zinanywa wino vizuri. Topps ya 1987, yenye ukingo uliochapwa kama ubao wa mti, ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza: ilichapwa kwa wingi mno katika miaka ambayo kiwanda kilifurisha soko, ina wachezaji wengi ambao bado wako hai, na inapatikana bei ya bure. Epuka Topps za 1975, 1980 na 1982 kwa kazi hii, kwa sababu zilichapwa na nakala ya sahihi ya mchezaji usoni. Sahihi ya kweli ikiongezwa juu yake, kadi inaonekana kama ukuta ulioandikwa mara mbili. Kadi mpya zenye mng'ao wa kioo ni shida nyingine. Wino hujikusanya kama matone juu ya jani la mgomba na kuacha mapengo katikati ya herufi. Dawa yake ni poda ya mtoto: chukua kidogo kwenye kitambaa laini, sugua uso wa kadi kwa mzunguko, ufute mpaka kusibaki vumbi, kisha ndipo utume. Na wino uwe wa maka peni ya buluu. Nyeusi huzama ndani ya picha, tena mtu anaweza kudhani imechapwa kiwandani. Kalamu ya kawaida ya wino huchimba karatasi na kukatika njiani. Nilipoteza kadi mbili nzuri kwa kutoeleza jambo hilo kwenye barua.

Usiiweke kadi kwenye kasha gumu unapotuma. Posta ya Marekani hutoza zaidi bahasha ngumu isiyopinda kwenye mashine, na mara nyingi kasha halirudi. Kifuko laini cha plastiki na kipande cha karatasi nyepesi vinatosha.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe ya kutuma, kadi gani, ilikwenda klabu gani, na ilirudi lini. Bila daftari utamtumia mtu mmoja mara tatu na kumchosha, na huo si uungwana.

Sasa hasara. Kadi inaweza kupotea, kwa hiyo usitume ile ambayo ukiikosa utaumia. Hutakuwa na ushahidi wowote isipokuwa neno lako. Wachezaji wengine wana watu wanaowasainia, wengine wamewahi kutumia mashine ya sahihi. Mashine hujulikana kirahisi ukiwa na kadi mbili: ziweke moja juu ya nyingine mbele ya taa, mkono wa binadamu haurudii mstari sawasawa, mashine hurudia. Baadhi ya wastaafu huomba malipo au mchango kwa ajili ya kituo cha hisani wanachokisaidia. Hilo ni haki yao. Lipa au acha, usibishane. Na ukipata anwani ya nyumbani ya mzee fulani, fikiri mara mbili kabla ya kumwekea bahasha mlangoni kwake.

Uwanjani

Hapa chungu kinacholiwa ni muda pia, ila ni muda wa kusimama na jua kichwani. Faida yake haina mshindani: umemwona akisaini.

Kwenye ligi kuu imekuwa vigumu. Mwishoni mwa 2019 ligi ilitangaza kwamba timu zote 30 zitarefusha nyavu za kuwakinga watazamaji kwa msimu wa 2020, na nyavu hizo zimefunga sehemu kubwa ya ukingo wa uwanja ambapo watoto walikuwa wakiinama na kalamu. Sitazilalamikia, mpira unaopigwa kwa kasi ile unaweza kuua mtu. Lakini mkusanyaji lazima ajue kwamba mlango umebana, na kwamba anayefika wakati mechi inaanza amechelewa. Fika milango inapofunguliwa, nenda upande wa mbali na vyumba vya timu, ngoja wanapomaliza kupasha misuli.

Ligi ndogo ni habari nyingine kabisa. Hapa Columbus tuna Clippers, timu ya daraja la juu kabisa la ligi ndogo, iliyo chini ya Cleveland Guardians, na uwanja wao wa Huntington Park uko katikati ya mji. Kijana anayecheza hapo Jumanne anaweza kuwa Cleveland Ijumaa. Ni njia mbili zinazopita mahali pamoja: vijana wanapanda, na wachezaji wa ligi kuu waliotoka majeruhi wanashuka kwa siku chache kujipima. Tiketi ni nafuu, na mtu anaweza kuzungumza nawe.

Kiangazi kimoja nilimchukua mpwa wangu wa miaka kumi. Nilimpa kadi tatu na maka peni moja, nikamwambia asiiache kofia ya kalamu wazi na asikimbie. Alisimama kwenye reli karibu dakika arobaini. Mrushaji mmoja akaja, akachukua kadi, akaiweka juu ya paja lake akaandika. Mpwa wangu akarudi mbio licha ya maagizo yote. "Mjomba, amesaini kwa mkono wa kushoto! Na kadi inasema anarusha kwa kulia!" Tuligeuza kadi, na ni kweli, imeandikwa kulia. Hakuna karatasi ya uthibitisho duniani inayoweza kukupa habari hiyo. Nyuma ya kifuko tuliandika tarehe, na mpwa wangu akaongeza neno "kushoto" kwa penseli.

Mapungufu ni kwamba unapata anayepita, si unayemtaka. Kama mkusanyiko wako una orodha maalumu, kwa mfano seti moja au timu ya mwaka fulani, uwanja utakuacha na rundo la watu wasiohusiana. Sahihi za uwanjani pia huandikwa haraka. Herufi mbili na mkwaruzo. Barua inayojibiwa mezani hutoa jina linalosomeka.

Kuna mahali pa tatu, nusu uwanja nusu sherehe: Cooperstown, New York, ambako Jumba la Umashuhuri la besiboli hupokea wanachama wapya kila Julai. Wikendi ile wastaafu wakubwa hukaa kwenye meza za maduka ya barabara kuu na kusaini kwa malipo. Unamwona, unalipa, unaondoka. Ni mchanganyiko wa muda na fedha, na kwa mtu anayetaka majina makubwa bila shaka moyoni, safari moja kama hiyo inaweza kumtosha mwaka mzima.

Pakiti za kiwandani

Mwaka 1990 kampuni ya kadi ya Upper Deck waliingiza ndani ya pakiti zao kadi 2,500 zilizosainiwa na kupewa namba na Reggie Jackson mwenyewe. Hapo ndipo desturi ya sahihi ndani ya pakiti ilipoanzia, na leo karibu kila boksi la bei ya juu linaahidi sahihi moja au zaidi. Nyuma ya kadi kampuni inaandika kwamba inaihakikisha sahihi hiyo. Kwa usalama, njia hii ndiyo ya kwanza: mchezaji alisainia kampuni kwa mkataba, na kadi ilizaliwa na sahihi.

Lakini kufungua maboksi ni njia mbaya ya kujenga mkusanyiko wa pili, na hapa sisiti. Unalipa bei ya boksi zima kupata sahihi usiyoichagua. Mara nyingi ni ya kijana ambaye hutasikia jina lake tena baada ya miaka mitatu. Kinachowavuta watu ni ndoto, na ndoto zenyewe ni za kweli: kadi pekee ya aina yake ya mchezaji Mike Trout, ya toleo la Bowman Chrome la 2009, yenye sahihi yake, iliuzwa mnadani Agosti 2020 kwa takribani dola milioni 3.9. Mtu anayefungua maboksi kwa ajili ya hiyo anacheza bahati nasibu, na albamu ya sahihi haijengwi hivyo.

Kadi hizo hizo zikishatolewa kwenye pakiti na mwingine, mambo yanageuka. Sahihi iliyohakikishwa ya mchezaji wa kawaida huuzwa mtandaoni kwa dola chache tu, chini ya chakula cha mchana mjini. Kwa hiyo usinunue boksi, nunua kadi moja moja. Kwa mtu asiye na muda wa barua, hii ndiyo njia niliyo tayari kumshauri bila wasiwasi.

Ila tazama mambo mawili. La kwanza, sahihi iko juu ya kadi yenyewe au juu ya stika? Viwanda hutuma kwa wachezaji karatasi za stika angavu, zinasainiwa kwa mamia, kisha zinabandikwa kwenye kadi kiwandani. Ukiiinamisha kadi mbele ya dirisha unaona ukingo wa stika, na mara nyingine mkia wa herufi umekatwa mahali stika ilipoishia. Sahihi ni ya kweli, lakini mchezaji huyo hakuwahi kuishika kadi unayoishika wewe. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa. Topps Heritage wana sahihi zilizoandikwa moja kwa moja juu ya kadi kwa wino wa buluu, kwenye michoro ya kadi za zamani, na hizo nazilipia kidogo zaidi kwa furaha. Wapo pia Topps Archives Signature Series, ambao huzikusanya kadi za kweli za miaka iliyopita, kuzisainisha na kuzifunga ndani ya kasha. Kwa mpenzi wa kadi za zamani ni kama kupata matunda ya posta bila kungoja.

La pili ni kadi za ahadi. Mchezaji akichelewa kusaini, pakiti inakuwa na karatasi yenye namba ya siri ya kudai kadi baadaye. Niliwahi kungoja zaidi ya mwaka, mwisho nikapewa mchezaji mwingine badala ya niliyeahidiwa. Tangu hapo sinunui ahadi, hata zikiuzwa nusu bei.

Neno fupi kwa anayeshangaa kwa nini kadi nyingi za besiboli za Panini zina kofia tupu: kampuni hiyo haikuwa na leseni ya ligi, kwa hiyo nembo na majina ya timu hayaonekani. Sahihi zake ni halali na bei yake huwa chini. Kama unakusanya mtu na si timu, unaweza kuokoa fedha nyingi hapo.

Kununua kadi iliyothibitishwa na wakaguzi

Hii ni kadi ya kawaida iliyosainiwa mahali fulani, kisha ikapelekwa kwa kampuni ya ukaguzi kama PSA/DNA, JSA au Beckett, ikapewa stika au kufungwa ndani ya kasha lenye namba. Inakula fedha tupu. Huandiki, husimami, hungoji.

Sababu ya kuwepo kwa wakaguzi hawa ni ya kusikitisha. Miaka ya 1990 soko lilijaa feki kiasi kwamba FBI kutoka San Diego waliendesha uchunguzi mrefu ulioitwa Operation Bullpen. Mmoja wa waliowasaidia ni Tony Gwynn, mpigaji mkubwa wa San Diego Padres, aliyegundua vitu vyenye sahihi yake ya uongo vikiuzwa kwenye duka la timu yake mwenyewe. Kutokana na sakata hilo ligi ikaanzisha mwaka 2001 mpango wake wa uthibitisho, ambao shahidi huwepo kitu kinaposainiwa au kutumiwa na hologramu hubandikwa papo hapo. Kati ya aina zote za uthibitisho, ule wa shahidi ndio wenye nguvu. Mkaguzi anayeitazama sahihi miaka ishirini baadaye anatoa maoni ya kitaalamu, na ni vizuri kukumbuka kwamba ni maoni.

Kwa hiyo usitosheke na stika. Ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni ya ukaguzi na ulinganishe na kadi iliyo mkononi: mchezaji yule yule, kadi ile ile. Linganisha sahihi na nyingine za mchezaji huyo za kipindi kile kile, maana mkono wa mtu hubadilika. Kijana wa miaka 22 huandika jina lote, akifika 35 zimebaki herufi tatu. Karatasi za uthibitisho zilizotolewa na muuzaji mwenyewe, mimi sizihesabu kuwa ni kitu.

Njia hii ina kazi moja ambayo nyingine haziwezi: waliofariki. Roberto Clemente alifariki 31 Desemba 1972 ndege ilipoanguka akipeleka msaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Hakuna bahasha itakayomfikia. Willie Mays alituacha Juni 2024, Fernando Valenzuela Oktoba mwaka huo huo, Rickey Henderson Desemba. Sahihi zao zilizopo ndizo zote zitakazokuwepo. Hapo fedha ndiyo njia pekee, na uthibitisho ni lazima, kwa sababu waghushi nao wanajua hivyo.

Usifanye kosa la kuipeleka kila kadi ya posta kwa wakaguzi. Ada ya ukaguzi kwa kadi moja hupita thamani ya kadi nyingi za wachezaji wa kawaida. Barua yake, bahasha yenye muhuri wa posta na daftari lako vinatosha kwa mkusanyiko ambao hauuzwi.

Ukusanye nini, sasa

Njia hutegemea lengo, na hapa ndipo watu wengi huanza kinyume: wananunua sahihi kumi, ndipo wanajiuliza zinahusiana vipi.

Seti nzima ya mwaka mmoja inataka posta. Kadi 792 kama za Topps 1987 haziwezekani kwa fedha ya mtu wa kawaida kama atazinunua zote zimethibitishwa, lakini kwa stempu inawezekana kwenda mbali sana. Jiandae tu kwamba seti haitakamilika kirahisi. Dan Quisenberry, Kirby Puckett, Gary Carter na Tony Gwynn huyo huyo wamo ndani ya seti hiyo na wote wamefariki. Hao utawanunua, mmoja mmoja, kwa uthibitisho. Mimi nimechagua kumnunua mmoja kwa mwaka, na Gwynn nilimtanguliza kwa sababu ya kile alichowafanyia wakusanyaji wote.

Timu moja inataka uwanja na posta pamoja, hasa kama unaishi karibu nayo. Ukiwa mji wenye timu ya ligi ndogo, anza na kadi za timu hiyo zinazouzwa dukani kwao, na uende nazo uwanjani msimu ule ule.

Mtu mmoja, au kundi dogo la watu wenye jambo moja, linataka kununua kadi zilizohakikishwa kiwandani. Mpwa wangu amechagua hili. Anataka Waafrika. Alianza na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye 26 Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates alikuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira safi dhidi ya mrushaji Jon Lester. Baadaye mpwa akasikia habari za Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliosainiwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na za watoto wa Lugazi, Uganda, waliofika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya watoto, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika. Mkusanyiko wake ni mdogo, hautajaa albamu, na anaujua kadi kwa kadi. Kwa mtoto wa miaka kumi sioni mwingine unaofaa zaidi.

Ukinibana niseme kwa ufupi: kama fedha zako zinakwenda kwenye seti za zamani, chukua posta na uchague mwaka mmoja wa karatasi isiyong'aa. Kama kazi yako haikupi hata jioni moja ya kuandika barua, nunua moja moja zile za kiwandani zilizosainiwa juu ya kadi, uache stika na ahadi. Uwanja uwe nyongeza kwa yeyote mwenye mtoto wa kwenda naye. Na wakaguzi uwafuate kwa ajili ya marehemu tu.

Daftari langu leo lina kadi 211 zilizorudi kati ya 792. Juu ya meza kuna bahasha sita za wiki hii, zimeandikwa, zimebandikwa stempu. Mbili ni za wadakaji ambao nimewaandikia kwa mara ya pili, baada ya miaka mitatu ya kimya.